Nelion, Mlima Kenya: nijiandae vipi kupanda kwa kamba na kiongozi?

Chekereni_Juu (Arusha)

Wakuu, habari za leo. Meru na Uhuru nimeshafika, kwa hiyo baridi na mwinuko si vitu vigeni kwangu. Mwezi wa pili mwakani nataka kupanda Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, kwa njia ya kawaida, ile ya uso wa kusini-mashariki, nikiwa na kiongozi wa kukodi. Kuhusu kamba, nimepanda ukuta wa ndani tu, kamba ikiwa imefungwa juu. Naomba kujua: nijifunze nini kabla ya kuja, kiongozi nimpime kwa kipi, siku ngapi zinatosha, vifaa vipi ninunue na vipi nikodi? Na Batian, kilele kirefu zaidi kilicho jirani yake, niiongeze au niiache?

Kamba60 (Nairobi)

Karibu sana mkuu. Mwezi wa pili umechagua vizuri. Mlima uko kusini kidogo tu ya ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Machi jua linapiga upande wa kusini, hivyo mawe ya Nelion yanakauka. Ukija Agosti unakuta barafu imejaa kwenye nyufa, na wajuzi wakati huo wanahamia uso wa kaskazini wa Batian.

Sasa usidanganywe na namba. Austrian Hut, kibanda cha kuanzia, iko mita 4,790, kilele cha Nelion mita 5,188. Tofauti haifiki hata mita 400, wakati usiku wa kutoka Kibo hadi Uhuru unapanda karibu 1,200. Lakini hizo 400 ni mawe ya kushika kwa mikono. Njia inakatwa vipande vipande, kila kipande kutoka kituo kimoja cha kamba hadi kingine, na idadi inategemea kiongozi anavyoviunganisha: hesabu kumi na sita, pengine zaidi. Sehemu ngumu kabisa ni daraja la IV+ kwa kipimo cha UIAA (shirikisho la kimataifa la upandaji milima). Kwa mtu wa ukuta wa ndani hilo ni jepesi. Likifanywa na buti, mkoba mgongoni na vidole vilivyoganda, wepesi wake unapungua sana.

Kinachowaangusha watu wa Kilimanjaro hapa ni saa. Chukua vipande 16, kila kimoja dakika 25 kwa watu wawili: hiyo ni saa 6 na dakika 40, muda mzuri kabisa. Sasa mteja apoteze dakika 10 tu kila kituo, akitafuta karabina (pete ya chuma ya kufungia kamba), akikunjua kamba iliyojisokota, akivua na kuvaa glavu. Umeongeza saa 2 na dakika 40. Mliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mnafika juu karibu saa tisa na nusu alasiri, ukungu umeshafunga, na jua linazama kabla ya saa moja. Kushuka kwa kamba bado hamjaanza. Hakuna aliyechoka wala kuumwa, na bado mmelala nje.

Kwa hiyo mazoezi yako yawe ya kituoni zaidi kuliko ya misuli. Ukifika kwenye kituo, mpangilio ni huu, na uwe mkononi bila kufikiri: jifunge kwanza kwa silingi (kitanzi cha utepe imara) na karabina ya kufunga, vuta kujaribu, mwambie kiongozi "nimejifunga" ndipo aachie kamba, mkabidhi vyuma vya usalama alivyovichomeka mwambani nawe ukavichomoa njiani, vikiwa vimepangwa kwa ukubwa kwenye silingi moja, mshikilie kamba yake, aondoke. Watu wawili waliozoeana wanamaliza kwa dakika tatu.

Mengine ya lazima: fundo la nane ulifunge ukiwa na glavu na gizani, kumshikilia anayetangulia, si kamba ya juu tu, kuchomoa vyuma bila kuvilazimisha (kokwa, kile kipande cha chuma kinachobana kwenye ufa, ikikwama, igonge kutoka chini kwa kichomoleo, usiivute kwa kamba), kushuka kwa kamba ukiwa na fundo la usalama la prusiki (kitanzi cha kamba nyembamba kinachojibana kwenye kamba kuu), na kupanda kamba kwa prusiki mbili endapo umening'inia hewani.

Kwa mawe ya mazoezi, njoo Lukenya karibu na Athi River, au Hell's Gate pale Naivasha. Ndeiya ni pazuri kwa kuzoea kutangulia kwa sababu boliti (skrubu za chuma za kudumu mwambani) zimeshapigwa. Wikendi tatu au nne zilizogawanywa kwa miezi miwili zinatosha, mradi uwe na mwalimu na upande njia ndefu za vipande vingi. Wikendi ya mwisho panda kwa buti zile zile na mkoba ule ule utakaokwenda nao Nelion.

NjiaYaTeleki (Naro Moru)

Kaka Chekereni, mimi nitajibu la kiongozi maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Mlimani hapa wapo viongozi wa aina mbili, na kitambulisho pekee hakikuonyeshi tofauti. Wengi ni wa Lenana (mita 4,985), kilele cha kutembea. Wanaijua njia, hali ya hewa na vibanda kuliko mtu yeyote, lakini kamba si kazi yao. Wachache ni wa Nelion na Batian. Kampuni nyingine inakuuzia Nelion kisha inakupa wa Lenana na kumwongezea kamba. Kwa hiyo usiulize "Je, una uzoefu?" maana jibu unalijua. Uliza yafuatayo, na umuulize yeye mwenyewe kwa simu, si ofisi:

Mara ya mwisho kupita Rickety Crack na njia mbadala ya De Graaf, sehemu mbili za njia ya Nelion, ilikuwa lini, na mawe yalikuwaje? Aliyekuwa juu msimu huu atakueleza bila kusita ni kituo kipi kina boliti mpya na ni wapi pamebomoka. Anaongoza wateja wangapi kwa wakati mmoja? Nelion, mteja mmoja kwa kiongozi mmoja ndiyo sahihi, wawili inawezekana kama wote wana kasi, watatu kataa. Kamba ina umri gani? Ya miaka kumi haifai hata kama inaonekana mpya. Na saa ngapi anageuka kurudi kama kilele bado? Akikosa saa maalumu, akakuambia "tutaona hali itakavyokuwa", mshukuru na umpigie mwingine.

Halafu lipia siku moja ya mazoezi pamoja naye kabla ya mlima, Lukenya au hata kwenye mawe madogo karibu na kambi. Angalia mikono yake akijenga kituo: sehemu mbili au tatu za kujifunga zinazogawana uzito, na moja iking'oka kusiwe na mtikisiko mkubwa. Angalia pia kama anakukagua mkanda wa kupandia na fundo kabla hujapanda. Asiyekukagua chini hatakukagua juu. Na yeye siku hiyo anakupima wewe, umheshimu kwa hilo. Kiongozi mzuri ana haki ya kusema hauko tayari.

Kwenye maandishi yawemo: nani analeta kamba na vyuma, wapagazi wangapi na mzigo wao unaishia wapi (unaishia Austrian Hut, juu ya hapo mnabeba wenyewe), siku ngapi za akiba kwa hali mbaya ya hewa, na kama mkigeuka nusu ya njia malipo yanakuwaje. Hili la mwisho lisemwe mapema. Kiongozi anayejua atalipwa kamili hata mkigeuka hatakuburuta juu kwenye ukungu ili apate haki yake.

Tabibu_Nyanda

Siku ngapi? Chekereni, kufika Uhuru hakukupi kinga. Mwili unasahau mwinuko ndani ya wiki moja au mbili ukirudi chini. Kama unaweza, panda Meru (4,566) na uingie Mlima Kenya ndani ya siku chache. Hapo utakuwa na akiba ya kweli. Kama kuna pengo la mwezi, jihesabu mgeni.

Kanuni: ukishavuka mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale mara mbili. Barabara za Mlima Kenya zinakiuka kanuni hii kwa urahisi mno. Unaamka Nairobi, gari linakufikisha karibu na Met Station (3,050), kesho yake uko Mackinder's Camp (4,200). Watu wenye nguvu ndio wanaoumia zaidi maana hakuna kinachowapunguza mwendo.

Ratiba ninayoiona inafaa, ingawa vibanda vinakulazimisha kuvuka mita 500 mara mbili, kila mara baada ya kulala palepale usiku wa pili: ingia kwa lango la Sirimon. Usiku wa 1 na wa 2 Old Moses (3,300), siku ya pili ukitembea juu na kurudi. Usiku wa 3 Liki North (karibu 4,000). Usiku wa 4 na wa 5 Shipton's (4,200). Siku ya 6 vuka kwa kupitia Lenana ulale Austrian Hut, siku ya 7 pumzika hapo na kagua mwanzo wa njia na kiongozi, siku ya 8 panda. Weka siku mbili za akiba. Toka kwa njia ya Naro Moru, kwani upande ule unashuka haraka: kutoka 4,790 hadi 3,050 kwa siku moja, hata mgonjwa akiwa ameshikiliwa.

Dawa: acetazolamide (Diamox) miligramu 125 asubuhi na jioni, ukianza siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa mara nyingi na vidole vitahisi kuchomwachomwa. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa azungumze na daktari kwanza. Usiimeze mara ya kwanza mlimani, ijaribu nyumbani.

Ya hatari ni mawili, na yote dawa yake ya kwanza ni kushuka. Maji kwenye mapafu: mtu anahema akiwa ameketi, kikohozi, midomo ya bluu, baadaye povu la rangi ya waridi. Mara nyingi wenzake husema ni nimonia au malaria, wanamfunika blanketi, wanasubiri asubuhi. Usisubiri asubuhi. La pili ni uvimbe wa ubongo: mwambie atembee kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, hatua kumi kwenye mstari. Akiyumba, deksamethasoni miligramu 8, kisha 4 kila baada ya saa sita, na safari ya chini inaanza hapo hapo. Mwenye dalili zozote za hivi hafungwi kamba ya Nelion, hata kama kilele kinaonekana.

Chekereni_Juu (Arusha)

Asanteni sana, nimeandika yote. Nimesikia juu ya Nelion kuna kibanda cha kulala. Je, ni bora tulale huko au tupande na kushuka siku moja? Na hilo la Batian bado.

Kamba60 (Nairobi)

Kibanda kipo, Howell Hut, kilichojengwa mwaka 1970 na Ian Howell. Ni kisanduku cha bati kilichofungwa kwenye mwamba, ndani unaingia kwa kutambaa. Kwa mteja wa mara ya kwanza mimi nasema laleni huko. Mnapanda bila kukimbizana na jua, mnashuka asubuhi mawe yakiwa makavu na anga likiwa safi. Mawingu ya Mlima Kenya yanapanda kuanzia saa sita mchana karibu kila siku, na mvua ya mawe ya saa nane ikikukuta katikati ya ukuta unashuka na kamba zilizolowa.

NjiaYaTeleki (Naro Moru)

Hapo hatukubaliani, Kamba60. Kulala juu ni begi la kulalia, godoro la povu, jiko, gesi, sufuria, chakula cha mara mbili na maji. Hizo ni kilo nne au tano zaidi kwa kila mtu, na mkoba wa kilo kumi kwenye IV+ unamfanya yule yule mteja uliyemhurumia awe mzito mara mbili. Theluji ya kuyeyusha haipo kila wakati kileleni, kwa hiyo maji nayo yanabebwa. Tena mtu ambaye hakulala vizuri 4,790 hatalala 5,188.

Kipimo changu ni siku ya mazoezi. Mteja anayepanda vipande kumi Hell's Gate na kushuka kwa kamba kabla ya saa nane mchana, mpelekeni siku moja, mkoba wa kilo sita: lita mbili na nusu za maji, koti la manyoya, koti la mvua, taa ya kichwa na betri za akiba, chakula, blanketi la dharura. Saa kumi na moja alfajiri mko njiani, kwa taa, mnavuka mabaki ya barafu ya Lewis. Saa sita mchana, popote mlipo, mnageuka. Asiyefikia kasi hiyo ndiyo, alale juu.

Kamba60 (Nairobi)

Sawa, kipimo hicho nakikubali. Ila hata wa siku moja ajue Baillie's Bivvy iko wapi. Ni mabaki ya kibanda kidogo katikati ya njia, na imewahifadhi wengi waliochelewa.

Batian sasa. Kiko mita 5,199, yaani mita 11 tu juu ya Nelion, na ukisimama Nelion unakiona hapo. Katikati kuna Gate of the Mists. Unashuka kwa kamba hadi kwenye pengo lenye barafu, unavuka, unapanda mawe upande wa pili, halafu unarudia yote, na kurudi Nelion maana yake ni kupanda tena ukuta ulioushuka. Hesabu saa tano hadi saba kwenda na kurudi, pamoja na kramponi (miiba ya chuma ya kufunga chini ya buti) na shoka la barafu ambavyo usingevipandisha ukutani vinginevyo. Batian bila kulala Howell si mpango. Kwa safari ya kwanza iache.

Na kabla hujasema "ikitokea ajali tutaita helikopta": mwaka 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Jiwe kubwa lilimng'okea. Kumshusha kulichukua zaidi ya wiki, kukahitaji timu ya waokoaji iliyoruka kutoka Innsbruck, na helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, rubani akafa. Austrian Hut yenyewe ilijengwa kwa fedha za Waaustria kwa shukrani ya uokoaji ule. Vifaa vimeboreka tangu hapo, mlima ni ule ule. Bima yako iandike wazi kwamba inalipia kupanda kwa kamba juu ya mita 5,000. Nyingi zinaishia kwenye matembezi.

Fundo_Bapa

Nimesoma yote, nanyi mmeruka kushuka kwa kamba. Ndiko kunakoua, kwa sababu watu wamechoka na kila kitu kinaning'inia sehemu moja. Chekereni, yashike haya.

Kamba moja ya mita 60 ikipitishwa kwenye pete inakupa mita 30. Vituo vya Nelion viko karibu karibu, kwa hiyo moja inatosha, ila utashuka mara kumi na kitu. Kamba mbili zilizounganishwa zinapunguza idadi lakini zinaongeza kukwama, maana fundo linanasa kwenye vibamba vya mawe. Kwenye ukuta uliojaa vibamba kama huu, mishuko mifupi inashinda.

Kila mshuko: alama ya katikati ya kamba ikae kwenye pete. Funga fundo kwenye kila ncha, peke yake, ili usiteleze nje ya kamba. Kifaa cha kushukia usikiweke kwenye mkanda moja kwa moja. Kiweke mbele yako kwa silingi, na chini yake prusiki ya kamba ya milimita 6 iliyozungushwa mara tatu au nne kwenye nyuzi zote mbili na kufungwa kwenye mkanda. Hapo mkono ukiachia, unasimama. Kabla ya kujifungua kituoni, weka uzito wote kwenye kamba na uangalie: karabina imefungwa, nyuzi zote mbili zimeingia, prusiki imebana.

Aliyetangulia akifika chini avute uzi mmoja mita moja kujaribu, mwenzake akiwa bado juu. Ikigoma, aliye juu arekebishe. Hili peke yake linaondoa nusu ya kukwama. Halafu lile linalosahaulika kila mara: fungua mafundo ya ncha zote mbili kabla ya kuvuta. Fundo lililoachwa linapanda na kamba, linajibana kwenye pete, na kamba yako iko mita 30 juu wakati giza linaingia.

Ikikwama licha ya yote, vuteni kwa pembe tofauti, pigeni mawimbi. Mkiwa bado na ncha zote mbili mikononi, mtu anaweza kupanda kwa prusiki kwenye nyuzi zote. Mkiwa na ncha moja tu, asipande mtu yeyote: hujui kimeishikilia nini. Hapo kiongozi atapanda mwamba upya akishikiliwa kwa kipande kilichobaki, au mtakata na kushuka na mlichonacho. Kisu kidogo kiwe kwenye mkanda wa kila mtu.

Vifaa: nunua mwenyewe helmeti, mkanda wa kupandia, buti na viatu vya mwamba (vya kuvaa na soksi, si vya kubana kama vya mashindano), silingi ya sentimita 120, karabina tatu za kufunga, kifaa cha kushikilia kamba na prusiki mbili. Kodi kramponi na shoka, ila kramponi zifungwe kwenye buti zako kabla ya kuondoka mjini. Kamba na vyuma ni vya kiongozi. Begi la kulalia liwe la nyuzi 10 chini ya sifuri.

NjiaYaTeleki (Naro Moru)

Nyongeza ya jikoni, kwa kuwa hamkuigusa. Pale Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, Austrian Hut karibu 84. Maharagwe hayaivi hata ukeshe nayo, wali unabaki na kiini. Mpishi aje na sufuria ya presha, au pikeni viazi vilivyokatwa vyembamba, tambi, uji na supu. Gesi chagua yenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Ya butani tupu inalala baridi ikifika sifuri. Usiku mtungi ulale nao ndani ya begi.

Chekereni_Juu (Arusha)

Nimeelewa wakuu. Nelion peke yake, Meru wiki moja kabla. Kamba60, kwa Lukenya nianze Novemba au Desemba?

Kamba60 (Nairobi)

Novemba mvua za vuli zinalowesha mawe, wikendi zitakupotea bure. Anza Oktoba kwa mafundo na vituo, kisha Desemba mwishoni na Januari kwa njia ndefu.